Kiti cha Desire

Ilikuwa siku ya soko Mpondwe, mpakani, upande wetu wa Bwera, mwaka 2014. Rusi alikuwa ametandaza vikombe vyake vya bati, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, pale mwanaume wa shati la kijani lililonyooshwa hadi kwenye kola alipokanyaga kimoja.

"Ssebo, hiyo iko macho ama iko matundu?"

"Nisamehe, nyabo. Nilikuwa natazama muuzaji."

Wauza nyanya walicheka hadi wakashikana mabega. Mwanaume akakinunua kile kilichobonyea. Aliitwa Jonan, mwalimu wa Kiingereza cha watu wazima mjini Kasese, na Jumamosi iliyofuata Rusi akawa darasani, ati ajifunze kuongea na wazungu wanaopanda mlima.

Somo la kwanza lilikuwa mali ya nani. Kila mtu alipewa vikaratasi na gundi, abandike jina la mwenyewe juu ya vitu vya nyumbani: *Rusi's cup*, *Rusi's door*. Kale kaalama kanakoning'inia kabla ya herufi ya mwisho, Jonan alisema, ni mkono wa mwenyewe umeshika kitu chake.

"Na mwalimu ameshikwa na nani?" Rusi alimtania kwenye simu.

"Na wewe, mpenzi. Jumapili njoo kwangu Rukoki unywe chai."

Alienda saa nane mchana, katika gomesi ya zambarau yenye mkanda unaong'aa. Jonan akamkaribisha, akatoka kutafuta maziwa. Rusi akavuta kiti akae. *Desire's chair*. Kikombe mezani: *Desire's cup*. Nyuma ya pazia lililofunguka, kwenye ubao wa kitanda: *Desire's bed*. Akagusa karatasi. Gundi ilinata kidoleni, mbichi.

Maziwa yalifika, mgeni ameshaondoka.

"Kumbe uko na bibi, mwongo wewe!" alipiga kelele kwenye simu.

"Desire alikufa, Rusi. Huu mwaka wa tatu. Tulimzika kwao Kahendero. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza, ndiye alibandika."

"Gundi iko mbichi, Jonan."



"Kila Ijumaa nazibandua," Jonan akasema kwa sauti ndogo. "Jumapili nikitoka kanisani, nazikuta. Sijamwambia mtu."

Siku nne zikapita. Rusi alimpenda yule mtu. Lakini kwao Karambi mwanamke hagusi jiko la mwenzake kabla ya kumwomba, na Desire hakuna aliyemwomba. Alibanduliwa tu.

Alhamisi mchana akarudi Rukoki, akavua viatu mlangoni, Jonan akisimama nyuma yake.

"Hodi, dada Desire. Mimi Rusi wa Karambi. Sikuja kunyang'anya. Huyu bwana nampenda. Nipe pa kukaa tu."

Hakukuwa na upepo. Karatasi ya kiti ikajikunja pembeni polepole, kama jani karibu na moto, ikaanguka miguuni pake. Gundi yake ilikuwa unga mkavu. Ya kikombe ikafuata. Wakasubiri. Ya kitanda haikutikisika.

Rusi akakaa. "Asante, dada."

"Sasa utakubali nikuoe?" Jonan alinong'ona, jasho likimtiririka.

"Nimekubali. Kaongee na baba juu ya mbuzi wa mahari. Lakini kile kitanda hajakiachia. Umpelekee mama yake Kahendero, ununue kingine."

Nyuma ya pazia kitanda kikalia kidogo, kama cha mtu anayegeukia ukutani apate kulala.