Namba ya Tatu Ubaoni

Kila siku ya likizo, kabla ya kunywa chai, Chiriku alisuuza miwani ya kuzamia kwenye beseni la maji ya bomba, kisha akaning'iniza mirija ya kupumulia kwenye kamba ikauke. Kibanda kilikuwa cha shangazi yake, aliyewakodishia wageni vifaa vya kuogelea na kutazama samaki wa kwenye matumbawe. Jina la Chiriku alilipata kwa sababu aliongea kama ndege huyo tangu anafumbua macho mpaka anayafumba. Shangazi alidai kwamba hata ndoto za mtoto huyo zilikuwa na kelele.

Ukutani palikuwa na ubao wenye mistari mitatu: Gatini, Nyasini, Mlangoni. Kila asubuhi mtu alipiga makasia mpaka sehemu hizo, akateremsha majini sahani nyeupe iliyofungiwa jiwe na kamba ya mafundo, akahesabu mafundo mpaka sahani ipotee machoni. Ikionekana mpaka fundo la tano au zaidi, watu waliingia. Chini ya hapo hakuingia mtu, awe mgeni, awe nani. Mlangoni ndipo mwamba wa matumbawe ulipokatika, maji ya ndani yakapata njia ya kutokea baharini. Ndipo penye samaki wengi, na ndipo penye mkondo.

Ikaja dhoruba ya siku mbili. Iling'oa bati moja la kibanda, na Shangazi alipopanda kuziba pengo kwa turubai, aliteleza akateguka kifundo cha mguu. Bati lilitafutwa vichakani na nyuma ya nyumba zote, lisionekane.

"Bati halina miguu," alisema Shangazi kwa sauti, akimtupia jicho jirani yake, muuza matunda. Jirani hakulipenda jicho lile, na tangu hapo hawakusalimiana.

Siku ya tatu jua liliwaka kana kwamba halikuwa limekosekana. Mtoto wa Shangazi, ambaye Chiriku alimwita Kaka na ndiye aliyewaongoza wageni majini, alikuwa amefuata petroli ya mashua. Shangazi aliketi kibandani, mguu juu ya ndoo.

"Leo pima wewe," alimwambia Chiriku. "Vaa jaketi. Mawimbi yakikuzidi, geuza mtumbwi urudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi. Na maji yakiwa mazuri, nitaenda na wageni Mlangoni kama ulivyoniahidi?"

"Yakiwa mazuri."

Ahadi hiyo Chiriku aliisubiri tangu mwaka uliopita. Gatini alihesabu mafundo sita. Nyasini, sita. Kutoka hapo, upepo ulimpiga usoni na mikono ilikuwa imeshaanza kuuma. Mlangoni palikuwa nyuma ya majabali, mtu wa kibandani hawezi kupaona. Aliweka kasia magotini, akafikiri. Huku sita, huku sita, na maji ni yale yale. Kule yatakuwa na nini cha ajabu?

Akageuza mtumbwi. Alipofika, alichukua chaki akaandika sita mara tatu.

"Mlangoni umefika?" aliuliza Shangazi.

"Nimefika."

Neno moja tu, kutoka kwa Chiriku! Siku nyingine Shangazi angeshtuka, lakini alikuwa anajifunga bendeji.

Wageni wa siku hiyo walikuwa wawili, mwalimu wa hesabu na binti yake, rika la Chiriku. Binti alijifunza kuogelea kwenye bwawa, baharini hakuwahi kuingia. Kesho yake walikuwa wanasafiri, kwa hiyo ilikuwa leo au basi tena. Kaka aliporudi na petroli aliusoma ubao, akawavalisha majaketi, akawafundisha kupuliza maji yakiingia kwenye mrija, akasisitiza kwamba kila mtu asimwache mwenzake. Kisha wakaondoka, Chiriku naye mashuani kama alivyoahidiwa.

Mlangoni, jua lilipiga juu ya maji yakameremeta hata chini hapakuonekana. Kaka alikinga macho kwa kiganja, akakunja uso.

"Chiriku, leo umemeza ulimi? Una hakika hapa ni sita?"

"Sita," alisema Chiriku. Uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Binti wa mwalimu alimgeukia. "Kumbe uliyepima ni wewe? Mimi nilikuwa naogopa. Watu wazima hukwambia usiogope hata pakiwa pabaya. Lakini kama umepaona mwenyewe, basi naingia." Alivaa miwani, akauma mrija, akaweka miguu nje ya mashua.

Chiriku alimshika yule binti mkanda wa jaketi kwa mikono miwili.

"Usiingie! Sikufika huku. Niliandika tu."

Kaka alitoa sahani chini ya benchi, akaiteremsha. Fundo la kwanza ilionekana. La pili, haipo. Na kamba haikwenda chini, ililala kuelekea baharini, imevutwa na mkondo. Mwalimu alimrudisha binti yake ndani kwa kumshika mabega.

"Kwa hiyo ile sita ilitoka wapi?" aliuliza. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na alitaka jibu.

Waliogelea Nyasini, baada ya Kaka kupima upya. Binti aliona viti vya pweza vinne, wale viumbe wa umbo la nyota. Chiriku alibaki ndani ya mashua na sahani mapajani, akiona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Waliporudi, alimweleza Shangazi mwenyewe, bila kuruka kitu. Shangazi aliufuta mstari wa tatu, akamwambia aende akale.

Siku mbili baadaye maji ya Mlangoni yalitulia na Kaka akazamia. Alirudi na bati. Lilikuwa limejikita kati ya matumbawe, ukingo juu, pale pale walipozoea kuwashushia wageni. Ukingo wenyewe ulikuwa umechanika, mkali kama wembe.

Shangazi alilitambua bati lake. Kisha akachukua fimbo yake, akachechemea mpaka kwa muuza matunda, akamwomba radhi. Aliporudi alimkalisha Chiriku karibu naye.

"Mimi nilimtuhumu jirani kwa kukisia," alisema. "Wewe uliandika kwa kukisia. Tumekosa sote. Kukisia si kosa, mwanangu. Kosa ni kukisia halafu ukasema umeona, maana mwenzako ataweka mguu wake pale. Ungeniambia 'sikufika', ningekwambia pole, nikakumiminia chai. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako ilikuwa inaishia kwenye bati hili."

Wiki mbili zilipita kabla hajampa tena sahani. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa mkali. Chiriku alirudi amelowa, akachukua chaki. Gatini, saba. Nyasini, sita. Kwenye mstari wa tatu aliandika: Sikufika.

Mgeni mmoja alilalamika kwamba amekuja kwa ajili ya Mlangoni, na kumbe wanamsikiliza mtoto.

"Leo hatuendi," alijibu Shangazi. "Na huyo mtoto siku akiandika sita, mimi wa kwanza kuingia majini, na mguu wangu huu mbovu."