Jibu Alilotoa Mbula

Kila siku kabla jua halijachomoza, Mbula alimtwika punda mitungi ya maji, akateremka hadi mto mkavu ambako watu wa kijiji chao cha Tulia walichimba mchangani kutafuta maji. Akirudi alibandika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, jikoni, akafagia uwanja, kisha akakimbilia shuleni. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi hizo zilikuwa za mama yake, Syombua, lakini tangu Machi mwaka ule wa 1992 mama alikuwa amelazwa Nairobi. Alikuwa na saratani ya titi.

Mbula hakumwambia mtu. Mwaka uliotangulia, jirani mmoja alipougua saratani, aliwasikia wanawake wakionyana wasiingie nyumbani kwake wakaambukizwa. Mbula hakutaka kwao kukimbiwe vivyo hivyo. Kila alipoulizwa, alisema mama amekwenda Kibwezi kumsaidia mama mdogo kuvuna vitunguu. Hata Ndeti, rafiki yake wa kufa kuzikana, aliambiwa hivyo hivyo.

Dada yake, Kalondu, alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuitwa chuo cha ualimu. Baba yao alifariki zamani, na mifugo yote ilikuwa imeuzwa kwa ajili ya matibabu. Kwa bahati, kanisa lao lilikuwa na mfuko wa kuwasomesha chuoni vijana wenye wazazi wanaougua saratani. Kalondu alijaza fomu, akaipeleka, kisha akaenda Nairobi kumwuguza mama. Mbula alibaki na nyanya.

Alasiri moja nyanya akiwa sokoni, alifika mwanamke mpole mwenye daftari, Mwalimu Kasyoka wa mji mdogo wa Kabati. Aliwakuta Mbula na Ndeti wakichambua kunde nje ya jikoni. Aliwasalimu, kisha akamwuliza Mbula mama yake yuko wapi na hali yake ikoje. Hakueleza kilichomleta.

Mbula alimtupia jicho Ndeti. Ndeti alikuwa ameacha kuchambua, anasikiliza.

"Mama yuko Kibwezi, Mwalimu," akasema. "Anavuna vitunguu. Ni mzima."

Mwalimu alirudia swali, akapata jibu lile lile. Akaandika daftarini, akaaga.

Wiki mbili baadaye Kalondu alirudi, akakuta barua inamngoja. Mwalimu Kasyoka, katibu wa kamati ya mfuko, alikuwa ameandika kwamba kamati imetembelea nyumba yao na kuambiwa hakuna mgonjwa, kwa hiyo ombi limekataliwa. Kalondu aliisoma mara mbili, akaketi kwenye kigoda bila hata kuvua viatu. Alimwambia nyanya kuwa huenda kuna mtu mwenye chuki aliyewasema vibaya. Mambo ya chuo basi tena. Kesho yake angekwenda Kabati kuomba kazi ya kuosha vyombo hotelini.

Mbula alimjua mtu huyo.

"Dada," alisema hatimaye, "ni mimi."

Akaeleza yote huku machozi yakimtoka. Kalondu aliikunja barua bila kumtazama, na Mbula akaona afadhali angechapwa.

"Kesho tutakwenda kwa Mwalimu," Kalondu akasema. "Lakini utasema wewe mwenyewe."

Asubuhi walitembea saa mbili hadi Kabati, Kalondu akiwa na barua ya hospitali. Mbula alisema kosa lake akiwa amesimama, macho chini. Mwalimu Kasyoka hakumkaripia. Alimweleza kwamba saratani haiambukizi, si kwa kula pamoja wala kwa kushikana mikono. Kisha akamwambia kuwa wazee wa kamati wangefunga orodha Jumapili baada ya ibada, na kwamba ingembidi ayarudie maneno hayo mbele yao.

Jumapili ile mlango wa ofisi ya kanisa ulikuwa wazi, na watu walikuwa bado wanasalimiana nje. Ndeti na mama yake walikuwa miongoni mwao. Mbula aliingia, akasimama mbele ya wazee.

"Mama yangu ana saratani," alisema. "Nilidanganya kwa sababu niliogopa watu watatukimbia."

Wazee waliisoma barua ya hospitali, wakaliandika tena jina la Kalondu orodhani.

Nje, Ndeti alimsubiri. Alikuwa amenuna. Alisema kama angeambiwa, angekuwa akija kumsaidia kuteka maji siku zote hizo. Kuanzia Jumatatu alikuja.

Mama alirudi mwezi wa Agosti, amekonda, titi moja limeondolewa. Kalondu alikuwa tayari chuoni. Mbula alimsimulia mama kila kitu, akamwomba msamaha. Mama alimvuta karibu.

"Mimi nami nilificha, mwanangu," akasema. "Niligusa uvimbe, nikaona haya kusema, mwaka mzima ukapita. Ningesema mapema, daktari angekuwa na kazi ndogo. Wewe nawe nusura umnyime dada yako masomo, na watu wa kutusaidia walikuwa wameshafika hapa uwanjani. Kuanzia leo, mtu wa nyumba hii akiumwa, aseme. Akikosea, aseme. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama," Mbula akajibu.