Mwenziwe Karani Tsuma

Mwarandu wa Miritini alimtolea karani Tsuma vigoda viwili na vikombe viwili vya maji. Tsuma alikuwa peke yake. Akadhani kigoda cha pili ni cha mzee wa mtaa, yuko njiani anakuja. Akakaa, akanywa maji yake, akafungua daftari na kuuliza maswali yake ya siku zote: nani kalala humu wiki mbili hizi, nani kaja kula, nani kachanjwa na kovu liko wapi. Mzee wa mtaa hakutokea. Kikombe cha pili kilibaki pale pale, na Tsuma akaaga bila kuuliza, maana yeye alikuwa mgeni na mambo ya vyombo ni ya mwenye nyumba.

Ulikuwa mwaka wa 1944, ndui imeingia upande wa Changamwe. Pamoja nayo alikuja daktari kutoka chuo kikuu cha Uingereza, ambaye watu walimpa jina la Bwana Ramani. Huyu hakuja kutibu. Alitaka kujua ndui hupita vipi kutoka nyumba hii hadi ile, ili siku ikija nyingine bandari isikutwe imelala. Ukutani kwake alitundika ramani, na kila nyumba yenye mgonjwa aliichomea pini nyekundu. Kazi ya Tsuma ilikuwa kuzizuru nyumba za jirani zilizobaki bila mgonjwa, aandike ni nini kilichoziokoa. Aliipenda kazi hiyo, na tusimfichie, aliringa nayo kidogo. Mrabai aliyesoma misheni, ana baiskeli ya serikali na kalamu mbili mfukoni, angeachaje kuringa?

Ila moyo wake ulikuwa Kisauni, kwa mkewe Rosalia na binti yao Mapenzi, mtoto wa miaka minne. Siku ya chanjo Mapenzi alikuwa na homa, wakaambiwa wamrudishe baadaye, na dawa ikaisha kabla ya hiyo baadaye. Kila jioni, katika kambi ya daktari alikolala, Tsuma aliuwaza mkono ule mdogo usio na kovu. Alikuwa hajafika nyumbani kwa wiki sita.

Jomvu alipewa madafu mawili. Chaani, mama mmoja alitandika mkeka mpana, akamsogeza mwanawe kando ili pawe na nafasi ya kutosha. Njiani baiskeli ilikuwa nzito siku hizi, na keria ya nyuma, isiyobeba hata mwiko, ililia kila alipopita shimo. Na kulikuwa na harufu ya asumini iliyonyauka, ambayo alidhani ni ya vichaka, mpaka alipoisikia ndani ya hema lake.

Siku ya kumi na nne akarudi Miritini na kukuta matanga. Mwarandu amekufa, na wanawe wawili wamekufa. Mlangoni alikaa Nyamvula, mamake Mwarandu.

"Shikamoo, mama. Poleni."

"Marahaba, mwanangu." Bibi akatazama nyuma ya bega lake, akashusha sauti. "Na huyu mwenzio mwambie akae. Siku ile hakukaa wala hakunywa maji."

"Mwenzangu yupi?"

"Huyu mama mwenye shuka nyeupe. Mbona miguu yake haikauki, baba, na jua lote hili?"

Tsuma akageuka. Aliona uwanja, baiskeli imeegemezwa ukutani, na kuku wawili.

"Mama, mimi nimekuja peke yangu."

Nyamvula akajivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Siku ile ulipokuwa waandika," akanong'ona, "yeye alipita vyumbani. Akawashika watoto vichwani, mmoja mmoja. Tukasema ni nesi wa serikali."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mgeni aulizwa aliyefuatana naye, mwanangu? Tungekuwa watu gani?"

Tsuma aliondoka bila kuaga, akikanyaga pedali kwa nguvu zake zote huku keria ikilia nyuma yake, na akili yake ikizipitia nyumba moja baada ya nyingine, Jomvu, Chaani, Magongo, kila mahali alipoitikiwa karibu, kila kitanda cha mtoto alichokiona kupitia mlango uliokuwa wazi, wala hakuthubutu kugeuza shingo kwa kuwa aliogopa kuona tena kwamba hakuna kitu. Hakujua alimpakia wapi wala tangu lini.

Kambini Bwana Ramani alikuwa amesimama mbele ya ramani yake. Pini zilikuwa zimefuata njia za Tsuma, siku kwa siku.

"Tsuma," alisema polepole kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "kuna kitu unabeba."

"Ndiyo, bwana. Najua."

Daktari alishangaa kukubaliwa upesi hivyo. Tsuma akamweleza yote. Mzungu akaandika kila neno, hata ile miguu isiyokauka, kisha akasema kwa upole kwamba hilo hana chombo cha kulipimia. Lakini karantini anayo. Siku kumi na nne. Tsuma alimshukuru karibu kulia, kwa sababu siku hizo kumi na nne hangeweza kwenda Kisauni hata miguu ikimtuma.

Wakamweka katika kibanda karibu na mikoko ya Port Reitz, kamba imezungushwa pande zote, askari Mutua akiilinda. Siku ya kwanza Mutua alileta sahani mbili, na alipoulizwa akaziweka zote mbili chini, akaondoka. Tangu hapo aliweka chakula kwenye kamba na kurudi mbio. Ndani, mchana mtupu, Tsuma alisikia matone yakidondoka kwenye sakafu kavu, tone, kisha tone, yakimfuata kila alipohamia.

Akamwandikia mkewe barua. Usije. Usimlete mtoto. Usiulize sababu. Mwanamume mzima, na karani, hakuona kwamba barua ya namna hiyo ni mwaliko. Tena maneno ya Miritini yalikuwa yameshafika Kisauni: kwamba karani fulani anazunguka na mwanamke kwenye keria.

Rosalia alikuja siku ya tisa, saa nane mchana. Alimwacha Mapenzi barabarani kwa muuza mihogo.

"Rosalia, rudi. Nakusihi."

"Kumbe ndiyo karantini hii." Alisema taratibu, na Tsuma aliona afadhali angepiga kelele. "Na huyo?"

"Hakuna mtu. Haki ya Mungu niko peke yangu."

"Amekaa mlangoni pako anachana nywele, nawe waniambia uko peke yako."

Tsuma akaja mbio kwenye kamba kumzuia. Rosalia akaiinua kamba, akampita, akainama mlangoni, akashika kitu. Vidole vyake vilijikunja bila kukutana, kama vimeshika mkono wa mtu.

"Inuka," alisema. "Twende ukayaseme mbele ya wazee wa kanisa."

Akavuta. Ile harufu ya asumini ikapita usoni mwa Tsuma, ikaenda. Mutua aliruka kando kuwapisha. Tsuma akakimbia nyuma yao, na kwenye kamba Mutua akamkumbatia kwa mikono yote miwili.

"Tulia, ndugu yangu. Ametoka. Shukuru Mungu, umepona."

"Niache, Mutua. Mwanangu yuko kule."

"Bado siku tano. Nikikuachia watanifunga mimi."

Mutua alikuwa na nguvu, na alikuwa amefurahi kwelikweli kwa ajili yake. Juu barabarani Mapenzi aliwaona wanakuja. Akaacha muhogo wake, akasimama wima kama alivyofundishwa, akamwamkia mamake. Kisha akageukia upande wa pili wa mamake, akanyoosha mkono juu kwa mtu mzima, na mkono ukabaki pale juu, umeshikwa.