Mstari wa Mwisho wa Manjano

Jumamosi Pungodi hakuwa na shule, lakini kazi yake ya asubuhi haikuwa na sikukuu. Alikunywa uji wa wimbi, akafunga nywele, akaenda kukagua shamba la manjano la bibi yake, Rasammal. Aling'oa magugu, akarudishia udongo pale mvua ilipoufukua kwenye matuta. Mwezi huo wa nane mimea ilimfika kifuani, na maua meupe yalikwisha kuanza kuchungulia katikati ya majani.

Alipofika mstari wa mwisho, kando ya mfereji, alisimama ghafla. Majani ya chini yalikuwa yamegeuka rangi. Alishika shina moja, akalivuta kidogo tu. Likatoka lote mkononi, laini kama mboga iliyochemshwa, na harufu yake ikamfanya azibe pua.

"Yameoza," alinong'ona.

Tena alijua kwa nini. Msimu wa kupanda, bibi alimpa kikapu cha mbegu, yaani vipande vya mizizi ya manjano, achague: ngumu zenye macho mazima zipandwe, zilizolegea zitupwe mbali. Siku hiyo wenzake walikuwa wanamwita mchezoni. Basi Pungodi alichovya zote kwenye uji wa samadi, mbovu na nzima, akazifukia upesi upesi. Bibi alipomuuliza kama amechagua, alijibu bila haya, "Moja moja, Bibi."

Sasa afanye nini? Akinyamaza, nani atajua? Watasema ni mvua.

Wakati huohuo akasikia jembe likigonga udongo upande wa juu. Alikuwa Nachimuthu, jirani yao, anafungua maji. Leo ilikuwa zamu yake, na maji yake hupita mguuni mwa mstari ule kabla ya kuingia kwenye manjano yake mwenyewe. Uozo husafiri na maji. Hilo kila mtoto wa kijiji chetu analijua. Lakini kijijini kwetu pia, kugusa zamu ya maji ya mtu si jambo dogo. Kuna watu wameacha kusalimiana kwa miaka kwa sababu ya maji ya nusu saa.

Pungodi alirukia mferejini, akaanza kuuziba kwa udongo.

"Wewe! Una wazimu?" Nachimuthu alikuja mbio, jembe begani. "Hayo ni maji yangu! Nimeyangoja wiki nzima!"

"Babu, nakuomba, yasipite hapa leo."

"Yasipite? Yaruke kama kunguru? Rasammal! Njoo umwone mjukuu wako anavyoniibia mchana kweupe!"

Bibi alitokea ameikunja sari yake hadi magotini. "Pungodi, toka humo! Unataka kutugombanisha na watu?"

Maji yalikuwa yanakaribia, yakisukuma majani makavu mbele yake. Nachimuthu aliinua jembe, akaubomoa ukuta wa udongo kwa pigo moja. Pungodi akaketi palepale mferejini, akatandaza sketi yake kwenye lile pengo.

"Manjano yetu yameoza!" alilia. "Ni mimi! Nilipanda mbegu mbovu, nikakudanganya, Bibi. Maji yakipita, ya babu nayo yataoza!"

Bibi aliingia kwenye mstari. Alivuta shina moja, likang'oka. Akavuta la pili, nalo hivyo hivyo. Nachimuthu aliinama akanusa, uso ukambadilika, akatimua mbio kwenda kufunga maji kule juu.

Mchana kutwa wote watatu hawakupumzika. Waling'oa mstari mzima pamoja na udongo wake, wakaubeba mbali na mfereji ili ukauke na kuchomwa, wakatia chokaa mashimoni. Kisha wakachimba njia mpya ya maji upande wa pili wa shamba. Pungodi alitoka malengelenge viganjani na hakuthubutu kulalamika. Maji yalipofika kwa Nachimuthu, jua lilikuwa linazama.

"Bibi, utanipiga?" aliuliza.

"Nimekasirika, usidhani nimesahau," Rasammal alijibu akinawa miguu. "Ungesema siku ile ya kupanda, tungetupa mbegu kiganja kimoja. Umekaa na uongo wako, tumepoteza mstari. Ungenyamaza na leo, tungemtia hasara mtu aliyelala akituamini. Uongo ukiufukia, mjukuu wangu, unaendelea kuoza hukohuko chini. Uutoe mapema, hata kama unaaibika."

Pungodi aliinamisha kichwa. "Nimekosa, Bibi. Babu, nisamehe."

Nachimuthu alikung'uta tope kwenye jembe lake.

"Msimu ujao," alimwambia Rasammal, "nikopeshe huyu. Mbegu zangu nataka zichaguliwe na yeye."