Bakuli la Bibi

Kila Jumamosi nyumbani kwa akina Felisita, pembezoni mwa mji wa Bariadi, kazi zilikuwa zilezile: kufagia uwanja, kuteka maji kisimani, kuosha vyombo, kisha kuwasha jiko la mkaa. Hizo nyingine Felisita alizifanya huku akiimba. Jiko alilichukia. Moshi ulimwingia machoni, na kila alipoinama kupuliza, aliwasikia wenzake uwanjani wakimwita wakacheze rede.

Siku hizo yeye ndiye aliyekuwa mpishi. Baba na mama walikuwa kijijini Zagayu wakivuna pamba. Nyumbani walibaki yeye, mdogo wake Josia ambaye alikuwa hajaanza shule, na bibi yao ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Mama alipoondoka aliacha pakiti za makaroni na maagizo machache: chemsha maji, chemsha chakula, mtunze mdogo wako. Felisita aliitikia upesiupesi, kama watoto wanavyoitikia wanapotaka mtu mzima anyamaze.

Njia ya mkato aliipata kwenye debe la Bibi. Humo Bibi alihifadhi matobolwa, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Alipotaka kula aliyaloweka kwenye maji, yakalainika, akayatafuna bila kugusa jiko. Felisita akayatazama makaroni. Nayo ni makavu, akawaza, nayo yakilowa yatalainika. Ya nini kuhangaika na moshi?

Ijumaa jioni akamimina makaroni kwenye sufuria, akatia maji ya ndoo kama yalivyotoka kisimani, akafunika. Hakumwambia Bibi. Sufuria ilikaa pale pembeni ya chumba usiku kucha na asubuhi yote, bati la paa likipata joto juu yake.

Mchana alipofunua, makaroni yalikuwa yamevimba, meupe na laini. Juu ya maji palikuwa na povu jembamba, na harufu kama ya uji uliolala. Felisita alisita. Akamwaga maji yale, akasuuza, harufu ikapungua, naye akajiambia kwamba imekwisha. Kipande kimoja kilianguka chini. Kuku akakidonoa mara moja, akakiacha, akaenda zake. Felisita alimwona kuku yule, na kwa sekunde kadhaa moyo wake haukutulia. Lakini uwanjani walikuwa wanaita.

Alimchanganyia Josia makaroni na maziwa na sukari. Josia akala, akaomba tena, akaongezewa. Yeye mwenyewe hakula, maana hamu ya mchezo ilikuwa imemwondolea njaa. Bibi alisema atakula jua likipoa. Felisita akampakulia bakuli lake, akalifunika kwa sahani, akaliweka kabatini mahali ambapo mkono wa Bibi ungelifikia bila kutafuta. Kisha akakimbilia rede.

Mchezo ulikuwa umekolea alipomwona Josia amesimama pembeni ya uwanja, ameshika tumbo. Kabla hajamfikia, mtoto alitapika. Alitapika tena mlangoni, kisha tumbo likaanza kumwendesha, na kila alichonyweshwa kilirudi. Mwanzoni alilia sana. Baadaye akaacha kulia, na kimya kile ndicho kilichomtisha Felisita kuliko kilio.

Bibi alimpapasa Josia midomo, akaivuta kidogo ngozi ya tumbo lake. "Mtoto anaishiwa maji," alisema. Akamgeukia Felisita, akamwita mama kwa Kisukuma: "Mpeleke zahanati, mayu. Usingoje hata kidogo."

Mama Fatu, jirani mwenye duka, alimwita Mashaka wa bodaboda. Felisita akambeba Josia mgongoni kwa kanga, wakaondoka. Njia nzima kichwa cha mtoto kilikuwa kikigonga bega lake, kizito, bila nguvu.

Nesi Apolonia aliwapokea kwa salamu ya Kisukuma, lakini alipomwona mtoto hakuendelea na salamu. Alimlaza, akamtundikia maji ya mshipa. Mikono yake ilipopata nafasi, akauliza Josia alikula nini.

"Ugali na maziwa," Felisita akajibu.

Uongo ulitoka kirahisi. Aliona uso wa mama yake, akaona aibu, akaona bora sufuria ile isitajwe kabisa. Nesi aliandika jibu hilo. Akauliza kama kuna mwingine aliyekula chakula kilekile. Felisita akasema hapana, nyumbani yupo Bibi tu.

"Na Bibi ameshakula?"

Felisita akafungua mdomo ajibu, akageuka dirishani. Nje vivuli vilikuwa vimerefuka. Jua lilikuwa limepoa.

Akilini akaliona bakuli kabatini, akauona mkono wa Bibi ukilipapasa. Bibi asingeona povu. Bibi alikuwa mzee, na kilichomlaza Josia vile kingemmaliza.

"Nimedanganya," alisema. "Ni makaroni. Sikuyachemsha, niliyaloweka tangu jana kwa maji ya kisima. Bakuli la Bibi lipo kabatini, na huu ndio wakati wake wa kula."

Nesi hakumgombeza, maana hapakuwa na muda. Felisita aliijua kwa kichwa namba ya Mama Fatu, kwa sababu mama yake hupiga huko. Simu ikaita mpaka ikakatika. Wakapiga tena, ikaita, ikakatika. Mashaka, aliyekuwa bado nje, akasema huenda Mama Fatu anaswali alasiri. Akawasha pikipiki akaondoka.

Felisita alikaa chini karibu na kitanda. Upande mmoja alisikia pumzi fupi za Josia, upande wa pili simu iliyokuwa kimya mezani. Aliomba kwa Mungu vitu viwili, akaogopa kwamba huenda atapewa kimoja tu.

Simu ilipolia, alikuwa Mashaka, kwa simu ya Mama Fatu. Alimkuta Bibi mlangoni, bakuli mapajani, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Hakuwa amekula. Alikuwa amechelewa kwa kumwombea Josia.

Felisita alilia sana. Jua lilipokuwa linazama, Josia alifumbua macho, akaomba maji.

Kesho yake Bibi aliletwa zahanati. Nesi Apolonia aliwaeleza kwamba makaroni ni unga mbichi uliokaushwa, na unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu. Maji ya kisima nayo huwa navyo, na joto la usiku mzima huvizidisha. Kipi kati ya unga na maji kilichomdhuru Josia, hakuweza kusema. Vyote viwili vilihitaji moto. Ukitaka kuokoa mkaa, alisema, loweka kwa muda mfupi, kisha uchemshe mpaka yaive. Kuloweka hulainisha tu.

Bibi akamwuliza Felisita wazo lile alilitoa wapi. Felisita akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ni kwenye matobolwa.

"Matobolwa huwa nayachemsha kwanza, ndipo naanika," Bibi alisema. "Viazi vya michembe ndivyo naanika vibichi, na umewahi kuniona nakula michembe bila kuipika? Makaroni yako ni ndugu wa michembe. Kukauka si kuiva, mayu. Na kosa nalo usilifunike ukadhani litaiva lenyewe. Linachacha, na mwingine ndiye anayelila."

Jumamosi iliyofuata Felisita aliinama kwenye jiko, macho yakimtiririka machozi kwa moshi. Kutoka uwanjani waliita, hakwenda. Josia alisimama mlangoni kwa mbali, bado amekonda, akiitazama sufuria bila kusogea.

"Dada, yamechemka?" akauliza.

Felisita akafunua kifuniko, mvuke ukapanda mpaka kwenye bati.

"Yamechemka," alisema. "Njoo uone."