Maji ya Kunywa Ndani ya Sehemu ya Sakafu

Annie alikuwa mwandishi wa parokia moja ya Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi. Kila asubuhi alikunywa chai na mume wake Anaclet, kisha alikwenda kwenye ordinateri, yaani kompyuta, ya parokia. Kwa miaka kumi aliifanya kazi hiyo peke yake.

Halafu vita viliingia Goma. Mwanamke mmoja, Katungu, alikimbia na watoto wawili, akafika Lubumbashi. Padri akampa kazi pamoja na Annie. Baada ya wiki moja kila mtu alimsifu Katungu. Annie aliona wivu mpaka chakula kikamshinda.

"Ule mwanamke atanitosha ku kazi, abaki yeye peke yake," alimwambia Anaclet.

"Ao anajua kazi kukupita," Anaclet akamtania. Annie hakucheka.

Kipindupindu kikaingia katika ukumbi wa parokia walimolala wakimbizi. Padri akaomba karatasi ya kueleza matumizi ya klorini. Annie aliiandika peke yake: sehemu moja ya kuosha sakafu, nyingine ya maji ya kunywa. Katungu aliposogea kusoma, Annie aliziba ordinateri kwa mgongo.

Katika ordinateri ile, mtu anaandika maneno na alama, halafu mashine inapanga ukurasa. Karatasi ya kwanza ilipotoka, Katungu aliisoma.

"Yaya, dada mukubwa, tusigawe hii. Maji ya kunywa imeingia ndani ya sehemu ya sakafu. Mutu atatia dawa kali ya sakafu mu maji ya mutoto."

"Ku kichwa cha sakafu niliweka alama mbili za =," Annie alisema. "Maji niliweka tatu, juu maji njo kintu kikubwa."

"Mashine inasoma kinyume. Alama ikiongezeka, kichwa kinakuwa kidogo, kinaingia chini ya kile cha mbele. Sehemu ya sakafu haiishi mpaka kichwa kingine cha alama mbili kifike."

"Na aya? Nilisogeza kila aya kuume, sawa vile baba alinifundisha ku biro, ofisi yake ya reli. Karatasi ilikuwa bei kali, hatukuruka mustari."

"Mashine inangojea mustari mutupu. Bila ule, inaunganisha aya zote."

Annie alitamani Katungu awe amekosea. Lakini watoto waliolala ukumbini walingoja maji. Akafuta alama moja ku kichwa cha maji, akaruka mistari kati ya aya.

Jioni Padri alimsifu Annie mbele ya watu. Annie akageuka, akamwonyesha Katungu.

"Nilikosea, Padri. Katungu njo aliona."

Akina mama walipima dawa kwa kufuata karatasi, na ugonjwa ukapungua. Annie bado alimwonea Katungu wivu. Hata hivyo, yeye mwenyewe alimjazia mtoto wa Katungu kikombe cha maji yale yenye dawa.