Njia Aliyofyeka Mzee Isakwisa

Kwetu kilimani, karibu na Tosamaganga, Iringa, mwezi wa Desemba ni mwezi wa palizi. Kila mwenye mikono huamka jua halijatoka, hunywa uji, huchukua jembe na kushika mstari wake shambani. Wajukuu zangu wanajua kwamba mstari ulioanzwa humalizwa. Asubuhi moja ya likizo ya mwaka 1956 tulikuwa shambani namna hiyo: mimi, Matilda wa darasa la nne, kaka yake Edmund wa darasa la sita, na dada yao mkubwa Severina, ambaye alikuwa amerudi kutoka milima ya Mbeya baada ya kumaliza mwaka wake wa kwanza wa ualimu.

Edmund, ambaye hapendi kunyamaza, alimwambia dada yake kwamba ameshika jembe kama mtu anayeshika chaki.

"Na wewe umeacha magugu nyuma yako kama ndevu za Babu," Severina akamjibu, bila kuinua kichwa.

Nikajigusa kidevu, wakacheka wote. Nikamwamuru Edmund arudie mstari wake, naye akaurudia.

Kabla ya adhuhuri mvua ilitufukuza shambani. Tuliingia jikoni, bibi yao akatuwekea viazi kwenye majivu, na Matilda akamwomba dada yake atusimulie habari za huko alikokuwa. Severina hakukataa. Nayaandika hapa aliyotusimulia, kwa kuwa naona yanawafaa watoto wengine walio shuleni.

Alipohitimu chuo cha ualimu, alipelekwa kwanza Igowole, upande wa Mufindi, kushika nafasi ya mwalimu aliyekuwa mgonjwa. Huko aliishi kwenye baridi na ukungu, akajifunza kuwasha moto kwa kuni mbichi na kufundisha watoto wengi kwa vitabu vichache. Mwalimu yule alipopona, Severina alihamishwa. Alifunga sanduku lake, akapanda basi, akasafiri kutwa nzima kwenye vumbi la barabara kuu hadi Mbeya. Kutoka hapo alikwea milima kwa miguu, upande wa barabara iendayo Tukuyu, mpaka kijiji cha Wanyakyusa kiitwacho Itebeto. Hakujua lugha ya mahali pale. Neno la kwanza alilojifunza lilikuwa "ndaga", ambalo wenyeji hulitumia kushukuru, na akina mama walimcheka jinsi alivyolitamka.

Shule ilikuwa ndogo, ya kuta za udongo na paa la nyasi. Mwalimu mkuu, Sedekia, alikuwa mtu mpole aliyefundisha hapo kwa miaka mingi. Kengele ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini, na aliyeigonga kila asubuhi alikuwa Mzee Isakwisa, mmoja wa wazee wa kamati ya shule. Mzee huyo hakulipwa kitu. Aliipenda tu kazi hiyo, na kijiji kizima kiliamka kwa mkono wake.

Severina alipewa darasa la nne. Aliyewazidi wote humo alikuwa msichana aitwaye Damari, mwenye hesabu safi na mwandiko wa kupendeza. Mwisho wa mwaka kungekuwa na mtihani wa kuchagua watakaoendelea na shule ya kati, kuanzia darasa la tano, na Severina aliamini kwamba Damari angefaulu. Katika shule ile, hakuna msichana aliyewahi kufika shule ya kati.

Lakini Damari alikuwa na kasoro moja. Kila siku alichelewa. Kengele ikilia, wenzake hupanga mistari, yeye hayupo. Baadaye ndipo hutokea kwenye migomba, nguo imelowa umande, akaingia darasani kimya. Severina alimwuliza sababu, hakujibu. Alimwonya, hakujibu. Alimpa adhabu ya kufagia uwanja, akafagia vizuri sana, na kesho yake akachelewa tena.

Severina alikuwa ametoka chuoni akiwa ameshika sana suala la nidhamu. Mimi mwenyewe nimemlea hivyo, wala sijutii. Aliona kwamba msichana huyu ana kiburi, na kwamba kiburi kikiachwa kitamharibu. Basi siku moja alimwambia kwamba kesho yake atasimama chini ya kengele kabla haijagongwa, ili shule nzima ione mtu anayechelewa. Damari alitazama chini, machozi yakamdondoka. Asubuhi Severina alimfuata nyumbani kwao, akamshika mkono, akamsimamisha pale.

Mzee Isakwisa alikuja kama kawaida yake, na kipande cha chuma mkononi. Damari alipomwona alitoa sauti ya mtu aliyeungua, akajifunika uso kwa nguo, akakimbia. Alijikwaa, akaanguka, akainuka, akapotelea migombani. Mzee aligeuka akatazama upande mwingine. Kisha alikiweka kile chuma chini ya mti, akaondoka, na asubuhi hiyo kengele haikulia.

Matilda aliacha kugeuza viazi. Edmund akauliza kama mzee huyo alikuwa mchawi.

"Alikuwa baba mkwe wake," Severina akasema.

Mwalimu Sedekia ndiye aliyemweleza siku ile ile. Damari alikuwa ameposwa na mtoto wa Isakwisa, na ng'ombe walikwisha kutolewa. Kwa desturi ya Wanyakyusa, msichana akishaposwa hamwoni baba mkwe wake, naye baba mkwe hamwoni. Hakai alipo, halitaji jina lake, na wakikaribia kukutana njiani, yeye huingia majanini akajificha mpaka mzee apite. Ndiyo heshima yao. Kwa hiyo kila asubuhi Damari alikuwa akifika shuleni mapema kuliko wenzake wote, akajificha migombani mpaka mgonga kengele aende zake. Wala hakuweza kumweleza mwalimu, kwa kuwa maelezo yenyewe yangemtaka amtaje mzee.

Severina alimwuliza Sedekia kwa nini hakumwambia mapema. Mwalimu mkuu alijibu kwamba alidhani anajua, na tena kwamba wasichana wa umri ule huacha shule hata hivyo. Akamshauri awafundishe waliobaki darasani na asijisumbue kwa mmoja. Wakati huo mtihani ulikuwa karibu, na Damari hakuonekana tena shuleni siku hiyo.

Hapa nilimtazama mjukuu wangu kwa makini, kwa maana hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kusema kwamba wamefanya walivyoweza. Severina alikuwa amelia, hakuficha hilo. Alitamani kuomba uhamisho, arudi Iringa. Lakini alisema moyoni kwamba mkono uliomvuta Damari mpaka chini ya kengele ndio utakaomrudisha darasani.

Jioni hiyo alishuka bondeni kwa akina Damari. Baba yake alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na mama yake, Lusia, alikuwa anapalilia kahawa. Severina alipiga magoti akaomba radhi. Lusia hakumkaribisha kukaa.

"Mwalimu, wewe umesoma," alimwambia. "Kwenu mama mkwe na mkwewe hula sahani moja?"

Swali lile lilimkumbusha Severina nyumbani kwetu. Watoto walifahamu mara moja, wakamgeukia bibi yao. Baba yao, aliyemwoa binti yangu, hajawahi kukanyaga jikoni humu bibi yao akiwamo, na akimwona njiani huchepuka kando. Ni heshima yetu sisi Wahehe. Severina alizaliwa akaiona, akakua nayo, na hata hivyo alipoikuta kwa wengine imevaa nguo nyingine hakuitambua.

Aliondoka kwa Lusia bila kupewa hata maji. Kesho yake alirudi, akiwa na kibao cha kuandikia na kipande cha chaki. Alimwambia Lusia kwamba hakuja kumchukua binti yake, alikuja kumfundisha hapo hapo. Lusia akamwambia kahawa yake haipaliliwi na hesabu. Severina akachukua jembe, akapalilia, na huku anapalilia akamtolea Damari maswali ya hesabu, naye Damari akawa anajibu kwa sauti ndogo kutoka mstari wa pili. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Kila shule ilipofungwa jioni, alishuka bonde lile, mvua isiyokoma ya milima ile ikimnyeshea, akapalilia na kufundisha. Wanawake wa jirani walimtania wakisema Lusia amepata mkwe kutoka Iringa. Siku moja alikuta ndizi za moto zimewekwa kwenye ungo zikimngoja, akajua kwamba amesamehewa.

Hata hivyo, kusamehewa na mama hakukutosha. Mtihani ungefanyiwa shuleni, wala Damari asingekubali kupita uwanja ule tena. Lusia alisema wazi kwamba yeye, kama mama wa msichana, hana mdomo wa kumwendea mzee kwa jambo kama hilo. Ndipo Severina alipokwenda kwa Mzee Isakwisa mwenyewe.

Alimkuta ameketi mlangoni pake akichonga mpini. Alimsalimu kwa heshima zote, akakaa chini, akamweleza kosa lake bila kulipunguza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachonga kidogo, kisha akauliza:

"Huyo mtoto alikuwa anajificha kila siku?"

"Kila siku, baba."

"Kwenye umande?"

"Kwenye umande."

Mzee aliuweka mpini chini. Alisema kwamba yeye alikuwa akitembea kila asubuhi kwa furaha kwenda kuwaita watoto wasome, kumbe alikuwa anamfukuza mmoja, na huyo ni wa nyumba yake.

Severina akasema kwamba Wakristo wengi wa mjini wameacha desturi hiyo, na kwamba pengine mzee angeweza kumruhusu Damari apite tu. Mzee alitikisa kichwa.

"Usinifundishe kumvunjia heshima, mwanangu. Ananiheshimu, nami namheshimu. Hilo haliguswi." Akauchukua tena mpini wake. "Lakini mwenye miguu yenye nguvu ndiye wa kuzunguka. Mwambie Mwalimu Sedekia atafute mgonga kengele mwingine."

"Na mtoto wako, baba? Hatasema mchumba wake anacheleweshwa?"

"Mtoto wangu anasoma useremala na bado hajui kunyoosha ubao. Atangoja."

Asubuhi iliyofuata watu wa Itebeto walisikia panga. Mzee Isakwisa alikuwa anafyeka njia mpya katika matete, kutoka karibu na nyumba ya Lusia, kupitia nyuma ya migomba, mpaka ukuta wa nyuma wa shule. Wazee wenzake walimcheka kwamba anamfyekea njia mtu ambaye haruhusiwi hata kumwona. Yeye akaendelea kufyeka. Alipofika ukutani alimwita Sedekia, wakapima kwa macho, na kesho yake wanaume wakatoboa ukuta wa udongo wakaweka mlango wa pili. Toka siku hiyo Mzee Isakwisa hakuikanyaga njia ile tena, wala uwanja wa shule wakati wa masomo.

Damari alirudi darasani kwa njia yake mwenyewe. Alikuwa amebaki nyuma katika jiografia tu, na Severina alimkalisha mpaka akaijua. Siku ya mtihani alifika kabla ya wote, nguo yake kavu, akaketi mbele. Majina ya waliochaguliwa yalipokuja, lake lilikuwamo.

Mvua ilikuwa imepungua. Matilda aliuliza kama sasa mzee na Damari wamezungumza.

"Hapana," Severina akasema. "Wala hawatazungumza. Lakini majina yalipotangazwa, Mzee Isakwisa alikwenda kwenye kengele, kwa mara ya kwanza tangu alipoacha kuigonga. Shule ilikuwa imefungwa, Damari yuko nyumbani kwao kule bondeni. Akaigonga mpaka mkono ukachoka. Damari akasikia, akajua ni nani."

Bibi yao alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akisingizia moshi.

Severina akatuambia kwamba asingekaa nasi mpaka mwisho wa likizo kama tulivyotaka. Lusia hajawahi kupanda basi, na baba wa Damari bado yuko Chunya, kwa hiyo yeye ndiye aliyeahidi kumpeleka msichana katika shule ya kati ya bweni. Bibi yao alinung'unika. Mimi nilimwambia aende, na mapema, asije akakosa basi. Kisha niliwageukia wadogo zake.

"Mmesikia. Dada yenu alimhukumu mtu kabla ya kumfahamu, na kwa hilo alikosea, ingawa alikuwa na cheti na nia njema. Mkikuta jambo msilolielewa kwa watu wengine, ulizeni kwanza, mkidhani kwamba nao wana akili na wana heshima yao. Hilo ni moja, na si gumu. Gumu ni la pili. Ukishakosea, usimtume mtu wala usihame. Nenda kwa miguu yako mwenyewe mpaka kwa uliyemkosea, ufanye kazi mpaka kilichoharibika kitengenezwe. Mwaka huu dada yenu amefika mbali, Mufindi na Mbeya. Mimi namhesabia ile safari ya jioni, ya kushuka bonde na kibao mkononi."

Severina aliinamisha kichwa, akatoa viazi kwenye majivu, akaanza kutugawia. Nje jua lilikuwa limetoka. Edmund ndiye aliyesimama wa kwanza na kuuliza majembe yako wapi, nasi tukarudi shambani.